Kijidudu na Makao Yake

Wilaya ya Kyela iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki husimama milima ya Livingstone, na upande wa kaskazini nchi hupanda kuelekea Rungwe. Kyela yenyewe ni tambarare, yenye joto na rutuba, na mvua yake ni nyingi kuliko ya sehemu nyingi za Tanzania. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani, ikachukua udongo mzuri na kuutandaza mabondeni kabla ya kuingia ziwani. Ndiyo sababu mpunga, migomba na mikakao hustawi huko.

Lakini nchi inayofaa mimea hufaa pia viumbe visivyoonekana kwa macho. Joto na unyevu humstawisha mgomba, na joto lile lile na unyevu ule ule huvistawisha vijidudu viitwavyo bakteria. Vijidudu hivi vimo udongoni, majini, katika majani, juu ya ngozi ya mtu na ndani ya matumbo yake. Watu wengi wakisikia habari zake hufikiri juu ya maradhi tu, nao huona ingekuwa heri kama vyote vingeangamizwa. Fikira hiyo si ya kweli. Vilivyo vingi havimdhuru mtu, na vingine humfanyia kazi kubwa. Tena kuna jambo la ajabu zaidi: kijidudu cha aina moja chaweza kuwa rafiki mahali hapa na adui mahali pale. Mwenye kulijua jambo hili hujua namna ya kujilinda.

Mtu wa kwanza kuviona bakteria alikuwa Antoni van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya vitambaa katika mji wa Delft, nchi ya Uholanzi. Alikuwa akisugua vioo vidogo vya kukuzia kwa mikono yake mwenyewe, na mwaka 1676 akaona katika tone la maji viumbe vidogo sana vikienda huku na huku. Udogo wake ni vigumu kuufikiri. Vijidudu 500 vya aina moja ikaayo matumboni vikipangwa mstari mmoja, urefu wa mstari huo ni kama milimita 1 tu.

Kila kijidudu kina mambo yanayokifaa. Kwanza chakula, pili maji, tatu joto la kadiri yake. Nne ni hewa: vingine haviwezi kuishi bila hewa, na vingine hewa ndiyo inayoviua. Tano ni uchachu, maana vingi haviwezi kustahimili mahali penye uchachu mkali. Sita ni majirani, yaani vijidudu vingine vinavyogombea chakula na nafasi ile ile. Mambo haya sita yakibadilika, wakaaji nao hubadilika.

Kijidudu kikipata yote kinayoyataka, huongezeka upesi mno. Vipo vinavyogawanyika kila baada ya dakika 20: kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Baada ya saa moja kimoja kimekuwa 8. Baada ya saa mbili, 64. Baada ya saa tatu, 512. Mwanafunzi akiendelea na hesabu hiyo mpaka saa saba ataona kwamba kijidudu kimoja kimekuwa 2,097,152. Saa saba ndiyo muda wa kutoka saa 6 mchana mpaka saa 1 jioni.

Hesabu hii yawahusu sana watu wa Kyela, kwa kuwa mchele wao umesifika katika nchi nzima. Katika udongo wa mashamba huishi aina moja ya bakteria ambayo haimdhuru mkulima hata kidogo. Kikikosa maji au chakula, kijidudu hicho hujifunika ganda gumu, kikakaa kama mbegu kavu. Mbegu hizo hushikamana na mchele, na maji yanayochemka hayaziui zote. Wali ukiliwa ungali moto, hakuna neno. Lakini wali ukiachwa katika chungu tangu mchana mpaka usiku, ukiwa na uvuguvugu na unyevu, mbegu huamka, vijidudu huongezeka, na vingine hutoa sumu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha wali moto tena, na mwenye kuula hutapika. Kijidudu ni kile kile cha shambani. Kilichobadilika ni makao yake.

Watu wa Kyela wanayo mifano mizuri ya vijidudu kufanya kazi kwa faida. Mmoja ni kakao. Mkulima hupasua tunda, akatoa mbegu zikiwa na utelezi mweupe wenye sukari, akazilundika na kuzifunika kwa majani ya mgomba, au akazitia katika sanduku la mbao. Hakutia dawa yo yote. Hamira na bakteria zimekuja zenyewe kutoka katika maganda, majani, vikapu na mikono. Mwanzoni ndani ya lundo hamna hewa nyingi, na sukari ni tele. Basi hamira hufanya kazi yake na kuigeuza sukari kuwa pombe. Pamoja na hamira, bakteria za uchachu, kama zile za maziwa ya mgando, nazo huila sukari. Halafu utelezi huyeyuka na kuchuruzika, na mkulima hulipindua lundo. Hewa ikiingia, bakteria za namna nyingine hupata zamu yao. Hizo huigeuza pombe kuwa siki, na kazi hiyo hutoa joto jingi hata mtu akitia mkono ndani huona moto. Joto na siki huua kiini cha mbegu, na ndani yake huanza mabadiliko yatakayoleta ladha na harufu ya chokoleti.

Baada ya siku 5 hadi 7 kakao hutolewa na kuanikwa juani. Ikicheleweshwa lundoni, au ikianikwa vibaya wakati wa mvua, wakaaji wengine huingia: ukungu, na bakteria za kuozesha. Harufu nzuri hugeuka kuwa uvundo, na jasho la mwaka mzima hupotea. Mkulima hawezi kumwamuru kijidudu. Awezalo ni kutengeneza mahali: kufunika, kupindua, kuanika kwa wakati wake.

Mfano wa pili ni maziwa ya mgando. Bakteria za maziwa hula sukari iliyomo na kuigeuza kuwa uchachu, na uchachu ule huzuia vijidudu vingi vya kuozesha visipate nafasi. Lakini maziwa mabichi yaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu na vya maradhi ya ng'ombe, ambavyo uchachu hauviui upesi. Kwa hiyo mama mwenye hekima huchemsha maziwa kwanza, huyaacha yapoe, ndipo hutia kijiko cha mgando wa jana. Hapo amewafukuza wageni wabaya na kuwakaribisha wakaaji wazuri.

Mwili wa mtu nao ni kama nchi yenye milima na mabonde. Ngozi ni kavu, nayo ina chumvi na hewa nyingi. Tumbo lina uchachu mkali unaoua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula. Utumbo mpana ni joto, una unyevu, na hauna hewa. Kila mahali pana wenyeji wake. Wataalamu wanakadiria kwamba hesabu ya bakteria mwilini inakaribia kuwa sawa na hesabu ya chembe za mwili wenyewe, na wengi mno wanakaa katika utumbo mpana. Huko hula mabaki ya ndizi, maharage na mboga ambayo tumbo halikuweza kuyasaga, wakatoa vitu vinavyolisha kuta za utumbo. Wengine hutengeneza vitamini K, ambayo huisaidia damu kuganda mtu anapojikata. Tena kwa kuwa wamejaza nafasi yote, kijidudu kigeni kibaya hakipati kiti.

Mmoja wa wenyeji hao aligunduliwa mwaka 1885 na Theodor Escherich, mganga wa watoto wa Ujerumani, na jina lake limekuwa jina la kijidudu hicho. Aina zake zilizo nyingi zikikaa matumboni hazina madhara, na zina faida. Lakini kijidudu kile kile kikipanda katika njia ya mkojo na kufika kibofuni, mtu huona maumivu na moto kila akienda haja ndogo. Hakikubadili tabia yake; kimehama makao. Ndiyo maana mtoto hufundishwa tangu udogo kujisafisha vema akitoka chooni, kutoka mbele kwenda nyuma, na kunawa mikono kwa sabuni.

Iko pia hatari ya kuwafukuza wenyeji wema. Dawa za kuua bakteria ni msaada mkubwa zikitolewa na mganga kwa ugonjwa unaostahili. Lakini mtu akizimeza ovyo kwa kila mafua, huwa kama mkulima anayeng'oa magugu na mpunga pamoja. Shamba likibaki tupu, magugu ndiyo yanayotangulia kuota. Na vijidudu vibaya vilivyosalia baada ya dawa ndivyo vile vilivyoizoea. Navyo huzaa vya namna yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni pepopunda. Kijidudu chake hukaa udongoni na katika matumbo ya ng'ombe na wanyama wengine, wala hakiwadhuru humo. Watoto huucheza udongo huo kila siku na hawaugui. Kijidudu hicho huchukia hewa. Mahali penye hewa hulala ndani ya ganda lake, nacho chaweza kulala hivyo miaka mingi. Mwaka 1889 Kitasato Shibasaburo, mtaalamu kutoka Japani aliyekuwa Berlin, alifaulu kukiotesha peke yake kwa kukiondolea hewa, jambo ambalo wengine walikuwa wameshindwa.

Sasa mtu hukanyaga mwiba shambani, au msumari wenye udongo. Tundu ni dogo, damu haitoki sana, na juu ngozi hufunga upesi. Chini kabisa, penye nyama iliyokufa, hewa haifiki. Hapo kijidudu huamka na kutoa sumu kali ajabu. Sumu huingia katika mishipa ya fahamu. Taya hukaza, mgongo hujipinda, na mgonjwa huweza kufa. Jeraha pana lililo wazi laonekana la kutisha, lakini tundu dogo lenye kina laweza kuwa na hatari zaidi, maana ndilo linalomtengenezea adui makao.

Kwa sababu hiyo hiyo ni vibaya sana kupaka udongo, majivu au kinyesi cha ng'ombe katika kitovu cha mtoto mchanga. Desturi hiyo imewaua watoto wengi katika nchi nyingi. Kitovu hukatwa kwa wembe mpya au uliochemshwa, kikaachwa kisafi na kikavu. Tena kuna chanjo. Chanjo haikiondoi kijidudu udongoni, wala hakuna awezaye kukiondoa. Huufanya mwili uwe mahali ambapo sumu yake hushindwa. Mama mwenye mimba akichanjwa, humlinda na mtoto aliye tumboni.

Kutoka ardhini tuo la pili ni majini, na hapa habari inawahusu wakaaji wa mwambao wote. Wilaya ya Kyela imepata kipindupindu mara kwa mara. Kijidudu chake huweza kuishi katika maji ya pwani, ya mito na ya maziwa, kikishikamana na wanyama wadogo mno wa majini na kula maganda yao. Vilivyo vingi vya jamii hiyo vikaavyo majini havina sumu. Lakini aina zenye sumu zikinywewa na mtu, zikaokoka uchachu wa tumbo na kufika katika utumbo mwembamba, hukuta joto na unyevu unaozifaa. Hujishikiza ukutani na kutoa sumu, na utumbo humwaga maji na chumvi ya mwili. Mgonjwa aliye mahututi huweza kupoteza lita 1 ya maji kwa saa moja, na asipotibiwa huweza kufa kabla siku haijaisha. Na vijidudu vinavyotoka kwake vikirudi majini, wengine wengi watavinywa.

Habari moja ya zamani inaonyesha nguvu ya makao. Robert Koch, mganga wa Ujerumani, alikitambua kijidudu cha kipindupindu huko Misri na Uhindi miaka ya 1883 na 1884. Mwenzake, Max von Pettenkofer wa mji wa Munich, hakukubali kwamba kijidudu peke yake kinatosha kuleta ugonjwa. Alisema hali ya mahali ndiyo kubwa. Mwaka 1892, akiwa mzee wa miaka 73, alikunywa maji yenye vijidudu hivyo mbele ya mashahidi. Akahara kidogo, akapona. Mwanafunzi wake mmoja aliyemwiga aliugua zaidi. Ujasiri wao haukuwa na busara, na Pettenkofer alikosea kukidharau kijidudu. Hata hivyo katika neno lake mlikuwa na nusu ya kweli.

Mwaka ule ule kweli nzima ilionekana. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya wamisionari wa kwanza kutoka Ujerumani kufika kwa Wanyakyusa, mwaka 1891. Katika nchi yao huko, kipindupindu kiliushika mji wa Hamburg na kuua watu zaidi ya 8,000. Hamburg ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji wa Altona ulikuwa umepakana nao, hata barabara moja ilikuwa mpaka wa miji hiyo miwili. Altona ulikunywa maji ya mto ule ule, tena yaliyokwisha kupita Hamburg na kuchukua uchafu wake; lakini uliyapitisha polepole katika mchanga. Upande mmoja wa barabara watu waliugua, na upande wa pili wengi walisalimika. Na kilichosafisha maji yale hakikuwa mchanga peke yake. Juu ya mchanga hufanyika utando wa utelezi, na ndani yake wamo bakteria na viumbe vingine vidogo vinavyonasa na kula vijidudu vya maradhi. Hivyo bakteria waliwasaidia watu kuwashinda bakteria.

Katika mabonde ya Kyela maji ya ardhini yako karibu, na wakati wa masika mito hufurika. Mafuriko yakiingia chooni, uchafu hutoka na kufika kisimani, na mahali palipokuwa salama jana leo si salama. Basi choo hujengwa mahali pa juu, kiinuliwe, kiwe mbali na kisima. Maji ya kunywa huchemshwa mpaka yatokote sawasawa, ama hutiwa dawa ya kusafishia maji. Kisha hutunzwa katika chombo chenye kifuniko. Mitungi ya Wakisi, wanaofinyanga huko Ikombe na kuuza vyombo vyao katika soko la Lyulilo karibu na Matema, huyaweka maji baridi vizuri. Lakini mtungi mzuri wa maji yaliyochemshwa huharibiwa na kikombe kimoja kilichotumbukizwa kwa mkono mchafu. Kata yenye mpini mrefu ndiyo ifaayo.

Mtu akishikwa na kuhara kwa nguvu, apelekwe upesi katika zahanati au hospitali. Njiani na nyumbani asiachwe bila kinywaji. Katika lita 1 ya maji safi hutiwa sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa na chumvi nusu ya kijiko kidogo, mgonjwa akanywa kidogo kidogo bila kukoma. Sukari huisaidia chumvi kupenya katika ukuta wa utumbo, na maji hufuata chumvi. Ndivyo mwili unavyorudishiwa ulichopoteza.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hakuna jeshi liwezalo kuvimaliza vijidudu vya dunia, wala haifai kuvimaliza, maana mpunga, maziwa, kakao na mwili wenyewe huvihitaji. Muumba amekipa kila kiumbe mahali pake. Kazi ya mtu ni kuyalinda mahali hapo: kinyesi kibaki chooni, udongo usiingie katika jeraha, wali usilale katika uvuguvugu, na maji yasinywewe kabla ya kuchemshwa. Kazi hizo ni ndogo, na hata mtoto wa shule aweza kuzifanya. Nyumba inayozifanya kila siku, masika yakija na mito ikifurika, huwa na sababu chache za kuwazika watoto wake.

Maswali

1. Taja mambo sita yanayoamua kama kijidudu kitastawi mahali fulani.
2. Kijidudu kimoja kikigawanyika kila dakika 20, vitakuwa vingapi baada ya saa nne?
3. Kwa nini mkulima wa kakao hulipindua lundo? Eleza kinachotokea kabla na baada ya kupindua.
4. Kwa nini tundu la mwiba laweza kuwa na hatari kuliko jeraha pana lililo wazi?
5. Watu wa Hamburg na wa Altona walikunywa maji ya mto mmoja. Mbona wengi waliugua upande mmoja tu?
6. Pettenkofer alikosea wapi, na alisema kweli wapi?
7. Eleza namna ya kutengeneza kinywaji cha mtu anayehara.

Kazi

Wekeni wali kidogo katika vibati viwili. Kimoja kianikwe juani mpaka wali ukauke kabisa. Cha pili kinyunyiziwe maji na kufunikwa. Vitazameni baada ya siku tatu bila kuonja wala kugusa, mkaandike mlivyoona. Kisha zikeni wali huo, mnawe mikono kwa sabuni.